Kreatinini ni sawa, mbona figo za mwanangu zinaumwa?

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 3 na uzito wa kilo 10 tu. Anakunywa maji mchana na usiku, anakojoa sana, choo chake kigumu, na miguu imeanza kupinda. Alipewa dawa za minyoo, akapewa vitamini D, hakuna kilichobadilika. Hatimaye akapimwa damu: sodiamu 138, potasiamu 2.6, kloridi 115, baikaboneti 13, na pH ya mkojo 7. Kreatinini ni ya kawaida. Ultrasaundi ilionyesha chembe za kalsiamu ndani ya figo zote mbili. Tumeambiwa mirija ya figo haitoi asidi, na amepewa dawa ya maji ya sitreti mara 4 kwa siku. Figo zinaumwaje wakati kreatinini iko sawa? Dawa hii ni ya maisha? Ikiisha naweza kumpa soda ya kuokea? Ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu? Na nina ujauzito wa miezi 6. Huyu anayekuja itakuwaje?

Jibu:

Marahaba, mama, na poleni kwa kuhangaika. Nianze na kreatinini, ile taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuangalia figo, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi, wakiwemo wahudumu wa afya. Ikisomeka kawaida, faili hufungwa na mtoto hurudi nyumbani na kiu yake.

Figo hufanya kazi kwa hatua mbili. Kila figo ina nefroni takriban milioni 1, na kila nefroni huanza na kichujio kisha hufuatwa na mrija mwembamba sana. Kichujio hakichagui mengi. Huzuia seli za damu na protini kubwa, vingine hupita: maji, chumvi, glukosi, amino asidi, vinavyohitajika na visivyohitajika kwa pamoja. Kwa mtu mzima hupita hivyo lita 180 hivi kila siku, zikiwa na chumvi inayokaribia kilo 1 na nusu na glukosi zaidi ya gramu 150. Lakini mkojo unaotoka ni lita 1 au 2 tu, hauna glukosi, na chumvi yake ni gramu chache. Kazi hiyo yote ya kurudisha kinachofaa, na ya kusukumia kwenye mkojo asidi na potasiamu iliyozidi, ni ya mirija. Kreatinini hupita kwenye kichujio na mrija hauirudishi kwenye damu. Kwa hiyo hutueleza figo zinachuja kwa kasi gani, basi. Kinachotokea baada ya kuchuja haikijui. Figo za binti yako zinachuja. Kilichoharibika ni hatua ya pili. Hakikisha tu kwamba kreatinini yake ililinganishwa na viwango vya watoto wa umri wake, maana ya mtoto mdogo huwa chini sana kuliko ya mtu mzima, na karatasi nyingi za maabara huchapishwa na viwango vya watu wazima.

Mirija hupimwa kwa namna nyingine. Damu na mkojo huchukuliwa kwa wakati mmoja, kisha tunatazama kama mkojo unafanya kile ambacho damu inahitaji. Damu ikipungukiwa potasiamu, mkojo wenye afya huwa na potasiamu kidogo mno. Damu ikizidiwa na asidi, mkojo huwa na asidi kali. Mtu akimwaga kwenye mkojo kitu ambacho damu yake inakililia, hapo mrija una tatizo, hata kama kreatinini ni nzuri kiasi gani.

Tuyasome majibu ya binti yako kwa jicho hilo. Baikaboneti ndiyo inayozimua asidi mwilini. 13 ni ndogo sana, kwa hiyo damu yake ina asidi nyingi. Sasa jumlisha kloridi 115 na baikaboneti 13, unapata 128. Ukiitoa kwenye sodiamu 138 inabaki 10. Namba hiyo ni ya kawaida, na inatuambia kwamba asidi hii haikutokana na sumu, wala na sukari iliyopanda, wala na mwili kukosa oksijeni, ambako kwa kawaida pengo hilo huwa kubwa. Zinabaki njia kuu mbili: ama baikaboneti inapotea kwa kuharisha, ama figo inashindwa kazi yake. Kuharisha nako hushusha potasiamu, na watoto wengi wanaoharisha hubandikwa jina la ugonjwa wa mirija kimakosa. Binti yako haharishi, ana choo kigumu. Kisha pH ya mkojo wake, namba ambayo hushuka kadiri asidi inavyozidi, ni 7, wakati mrija wenye afya ungeishusha chini ya 5.5 damu ikiwa na asidi kiasi hicho. Yapo maambukizi ya njia ya mkojo ambayo bakteria wake huvunja urea na kuipandisha pH, hivyo ni vema mkojo uwe umepimwa maambukizi pia. Lakini ukichanganya potasiamu iliyoshuka, kalsiamu iliyojaa ndani ya figo, na miguu iliyopinda, mimi nakubaliana na madaktari wako: hii ni asidi inayotokana na sehemu ya mwisho ya mrija.

Katika sehemu hiyo kuna seli ambazo kazi yao ni kusukuma asidi kuingia kwenye mkojo. Kila siku mwili huzalisha asidi kutokana na chakula na ukuaji: takriban milimoli 1 (kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa kila kilo ya uzito kwa mtu mzima, na mara 2 au 3 ya hapo kwa mtoto ambaye mifupa yake inajengwa. Asidi hii haiwezi kutoka kwa pumzi. Seli zile zisipoisukuma, inabaki. Siku moja haionekani, wiki moja haionekani, lakini miezi ikipita mwili hutafuta kitu cha kuizimua, na ghala lililo karibu ni mifupa. Mifupa huachia kalsiamu na fosfeti, ikawa laini, na miguu inayobeba uzito ikapinda. Kalsiamu hiyo inaishia kwenye mkojo. Sitreti, ambayo kwa kawaida huizuia kalsiamu isigande, mrija wenye njaa ya alkali, yaani vitu vya kuzimua asidi, huirudisha karibu yote mwilini. Basi mkojo unabaki na kalsiamu nyingi, sitreti kidogo, na pH ya juu ambayo fosfeti ya kalsiamu huipenda. Ndizo chembe mlizoziona kwenye ultrasaundi. Potasiamu nayo hupotea kwenye mkojo, na ikishuka misuli hulegea, ikiwemo ya utumbo, ndiyo ile choo ngumu. Figo yenye potasiamu ndogo na chembe za kalsiamu haiwezi kuhifadhi maji, mtoto akakojoa sana na kutafuta maji usiku. Asidi yenyewe huzuia homoni ya ukuaji isifanye kazi yake sawasawa, na hamu ya kula hupotea. Kwa hiyo kilo 10, kiu, choo na matege si magonjwa manne.

Ndiyo sababu vitamini D haikusaidia. Matege mengi ya watoto hutokana na upungufu wake, na mhudumu aliyeanza nayo hakuwa na nia mbaya. Lakini mifupa inayoliwa na asidi haitengemai mpaka asidi iondoke, na vitamini D nyingi bila upungufu uliothibitishwa huongeza kalsiamu kwenye mkojo wa mtoto ambaye tayari figo zake zimejaa kalsiamu. Kama bado anaitumia, muulize daktari wako katika ziara ijayo kama kuna sababu ya kuendelea nayo.

Mrija una sehemu kadhaa, kila moja na kazi yake, na nataka uzifahamu kidogo kwa sababu ndugu watakuletea habari za magonjwa mengine ya mirija na kukuchanganya. Sehemu ya kwanza ndiyo mfanyakazi mkubwa: hurudisha karibu theluthi mbili za chumvi na maji, glukosi karibu yote, amino asidi, fosfeti, na asilimia 80 hadi 90 ya baikaboneti. Ikiharibika yote, vitu hivi humwagika pamoja, na ugonjwa huo huitwa Fanconi. Dalili yake ya wazi ni glukosi kwenye mkojo wa mtu ambaye sukari yake ya damu ni ya kawaida na hatumii dawa za kisukari zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo. Kwa mtoto tunatafuta magonjwa ya kurithi, na la kwanza ni sistinosisi, ambamo kitu kiitwacho sistini hujaa ndani ya seli. Ina dawa yake maalumu, sisteamini, na kila mwezi wa kuchelewa una gharama kwa figo, ndiyo maana mtoto wa namna hii huchunguzwa macho kutafuta chembe za sistini. Kwa watu wazima mara nyingi mkosaji ni dawa: tenofoviri ya aina ya disoproksili inayotumika kwa VVU, ifosfamidi ya saratani, au protini zinazotengenezwa na saratani ya uboho iitwayo mayeloma. Anayetumia tenofoviri asiiache kwa kuogopa maneno haya. Aombe apimwe fosfeti na glukosi ya mkojo pamoja na kreatinini, na ikionekana dalili, daktari atambadilishia.

Baada ya sehemu ya kwanza, mrija hujikunja kuwa kitanzi kiitwacho cha Henle; kitanzi hicho na sehemu inayokifuata hurudisha chumvi. Kasoro za kurithi za hapo ni Bartter, iliyoelezwa mwaka 1962, na Gitelman, iliyoelezwa 1966. Wagonjwa hawa huonekana kama watu wanaomeza dawa za kukojoza kila siku: Bartter hufanana na furosemidi, Gitelman na thiazidi. Potasiamu yao hushuka kama ya binti yako, lakini damu yao huelemea upande wa alkali, na hapo ndipo zinapoachana njia. Kwa Gitelman magnesiamu hushuka pia, na usipoirudisha hiyo, potasiamu itaendelea kupotea hata uimwage kwa chupa.

Yupo pia mtoto ambaye mrija wake wa mwisho hausikii homoni inayouamuru kuhifadhi maji. Huyu hukojoa mkojo mweupe kama maji, sodiamu ya damu hupanda, na akiwa mchanga hupata homa zisizoeleweka. Hasa ni wavulana. Kwa watu wazima lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, hufanya hivyo hivyo. Wanatibiwa kwa maji ya kutosha, chumvi kidogo, na thiazidi, dawa ya kukojoza ambayo kwao hupunguza mkojo. Sodiamu ya binti yako ni 138, kwa hiyo kiu yake haitoki huko.

La mwisho nalitaja kwa ajili ya wazee, kwa sababu ndilo linalokutana nasi mara nyingi kuliko yote: wenye kisukari cha muda mrefu ambao asidi hubaki na potasiamu hubaki pia, ikapanda badala ya kushuka. Hapo dawa kama spironolaktoni, baadhi ya dawa za presha, na trimethoprimu huzidisha hatari, na chumvi mbadala zilizotengenezwa kwa potasiamu zinaweza kusimamisha moyo. Anayesikia kwamba "ugonjwa wa mirija hutibiwa kwa potasiamu" na akampa mzee wa namna hii, anamuua. Naomba sana dawa ya binti yako isigawiwe kwa mtu mwingine nyumbani.

Kabla sijaingia kwenye matibabu, naomba uhakikishe mambo machache yamefanyika: glukosi na protini kwenye mkojo, fosfeti ya damu, na kalsiamu ya mkojo, ili tuwe na uhakika kwamba sehemu ya kwanza ya mrija ni nzima. Na kipimo cha masikio. Nitalirudia hili.

Matibabu yenyewe ni kumrudishia mwili alkali sawa na asidi ambayo mrija umeshindwa kuitoa. Kwa mtoto wa umri wa binti yako kawaida ni milimoli 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku, yaani 20 hadi 40 kwa kilo zake 10. Watoto wachanga huhitaji zaidi, watu wazima 1 hadi 2 kwa kilo. Linganisha na mgonjwa wa sehemu ya kwanza ya mrija, ambaye huhitaji 10 hadi 15 kwa kilo kwa sababu kila unachompa kinavuja. Kiasi cha alkali anachohitaji mgonjwa humsaidia daktari kujua ni sehemu gani ya mrija iliyoharibika. Sitreti ikifika kwenye ini hugeuka kuwa baikaboneti. Tunapendelea yenye potasiamu, kwa kuwa inajaza pengo la potasiamu hapo hapo, na sodiamu nyingi huongeza kalsiamu kwenye mkojo.

Mara 4 kwa siku inachosha, najua. Lakini asidi haipumziki. Dozi ya kabla ya kulala ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayolinda saa nyingi mfululizo, kwa hiyo kama lazima mambo yakushinde siku moja, yasikushinde hapo. Dawa ikimchafua tumbo, mpe baada ya chakula na uizimue kwa maji. Zipo pia dawa za kuachia alkali polepole zinazotosha mara 2 kwa siku, ulizia kama zinapatikana mlipo. Dawa za kiungulia zenye alumini asipewe pamoja na sitreti, maana sitreti huifanya alumini iingie mwilini kwa wingi.

Soda ya kuokea ni kweli kwamba ni baikaboneti ya sodiamu. Lakini kijiko kimoja cha chai kina karibu gramu 5, ambazo ni milimoli 60 hivi, zaidi ya dozi yake ya siku nzima, na haina potasiamu hata chembe. Hapa kuna hatari ambayo watu hawaijui: alkali huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Mtoto mwenye 2.6 akipewa alkali tupu, potasiamu inaweza kushuka hadi misuli ya kupumua ilegee na moyo upige ovyo. Ndiyo sababu hospitalini potasiamu iliyo chini sana hurekebishwa kwanza, au angalau pamoja na asidi. Kwa hiyo usimpe. Dawa ikikaribia kuisha, piga simu wiki moja kabla. Kama haipatikani kabisa, daktari anaweza kukuandikia baikaboneti iliyopimwa kwa gramu pamoja na potasiamu, na hilo ni jambo tofauti na kijiko cha jikoni.

Akitapika au kuharisha, usisubiri kesho. Mtoto mwingine huvumilia siku ya kuharisha kwa maji yenye chumvi na sukari; huyu dawa haikai tumboni na baikaboneti inapotea kwa njia mbili. Mpeleke mapema na useme tangu mlangoni kwamba ana ugonjwa wa mirija ya figo, potasiamu yake hushuka. Beba karatasi ya daktari. Na maji asinyimwe usiku kwa sababu ya kukojoa kitandani. Anakunywa kwa sababu anapoteza.

Kwa ufuatiliaji, tunataka baikaboneti ifike 22 au zaidi na potasiamu iwe ya kawaida bila kupanda. Mwanzoni vipimo hurudiwa mara kwa mara, baadaye kila miezi michache, na dozi hupandishwa kadiri anavyoongezeka uzito. Hapa ndipo wengi huteleza: mtoto anakua kilo 4, dozi inabaki ile ile, na asidi inarudi kimyakimya. Damu ichukuliwe bila kukamua mkono sana, kwa sababu seli zikipasuka potasiamu husomeka juu kwa uongo, na chupa ijazwe na ifikishwe maabara haraka, la sivyo baikaboneti husomeka chini. Jibu likiwa la ajabu na mtoto yuko vizuri, warudie kipimo kabla ya kubadili dawa. Ultrasaundi mara 1 kwa mwaka inatosha kwa wengi.

Je, dawa ni ya maisha? Kwa aina hii inayoanza utotoni, ambayo kwa kawaida ni ya kurithi, ndiyo. Sikwambii hivi kukuvunja moyo. Mrija hautapona, ila unachokosa mwili kinaweza kurudishwa kwa ukamilifu kiasi kwamba mtoto anaishi kama wenzake. Kiu na choo hubadilika ndani ya wiki chache. Uzito hufuata, kisha urefu, na watoto walioanza dawa mapema na kuzitumia vizuri wengi hufikia urefu wa kawaida. Matege katika umri huu mara nyingi hujinyoosha yenyewe mifupa ikigangamaa, kwa hiyo msikubali upasuaji wa miguu kabla asidi haijatulia kwa muda wa kutosha.

Mashine ya kusafisha damu siyo mwisho unaotarajiwa. Chembe za kalsiamu zilizokwisha kukaa kwenye figo kwa kawaida haziondoki, lakini tiba nzuri huzuia zisiongezeke. Baadhi ya wagonjwa, wakiwa watu wazima, uchujaji wao hupungua kiasi, hasa walioishi miaka mingi na asidi isiyotibiwa au mawe yanayojirudia. Hatima yake inategemea zaidi miaka ijayo ya dawa kuliko kreatinini ya leo.

Masikio sasa. Baadhi ya jeni zinazosababisha ugonjwa huu hufanya kazi pia ndani ya sikio, na mtoto anaweza kupoteza usikivu, wengine tangu uchanga, wengine baadaye. Alkali haiuzuii uziwi huo. Kinachosaidia ni kuugundua mapema ili apate vifaa vya kusikia kabla hajachelewa kuzungumza. Kama binti yako huongea maneno machache kuliko wenzake, au hageuki ukimwita kutoka nyuma, lisichukuliwe kuwa ni udhaifu wa kuumwa. Apimwe hata kama anaonekana kusikia, na arudiwe kupimwa kadiri anavyokua.

Kuhusu huyo aliye tumboni: aina nyingi zinazoanza utotoni hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe ni wazima. Hapo kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4, na kuumwa kwa binti yako hakupunguzi wala kuongeza nafasi ya anayekuja. Uwezekano wa aina hii huwa mkubwa zaidi kama nyinyi wazazi mna undugu wa damu. Ipo aina nyingine inayotoka kwa mzazi mmoja, nafasi 1 kati ya 2, na mzazi huyo anaweza kuwa na dalili kidogo tu, kama mawe ya figo. Mkiweza kupima jeni za binti yenu, mtajua ni ipi. Mkishindwa, wewe na baba yake mpimwe baikaboneti, potasiamu na pH ya mkojo.

Hakuna ulichokula au ulichofanya katika ujauzito kilicholeta hili, na hakuna cha kujinyima sasa. Mweleze mkunga na daktari wa watoto kabla ya kujifungua. Mtoto apimwe damu na mkojo katika wiki za kwanza, na majibu yasomwe na mtu anayejua kwamba baikaboneti ya mtoto mchanga huwa chini kidogo hata akiwa mzima, kisha yarudiwe baada ya miezi michache hata yakiwa mazuri. Akianza kutapika, kukauka mwili, au uzito ukisimama, usingoje miguu ipinde: mpeleke siku hiyo hiyo na uombe apimwe baikaboneti, potasiamu na pH ya mkojo pamoja na hiyo kreatinini.